Ganda Si Jibini

Mpishi alirudishwa jikoni kwake akiwa na pingu, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kulia wala kuapa. Alinusa. Akazungusha shingo, akakagua meko, akakagua masinki, kisha akamgeukia Koplo aliyemshika mkono.

"Nani kaacha maziwa wazi humu ndani?"

"Una kesi ya kutaka kuua mtu, bado unauliza maziwa," Koplo akasema.

"Kesi ni yenu. Jiko ni langu."

Inspekta alikuwa ametangulia, amesimama kando ya meza ndefu ya bati, mikono nyuma. Kituoni walimwita Mama Taratibu. Ilisemwa kwamba jambazi mmoja aliwahi kumkimbia mitaa mizima, na kila alipogeuka alimwona mama huyu anakuja kwa mwendo uleule wa mtu anayekwenda kununua sabuni, mpaka jambazi akakata tamaa, akakaa kwenye ngazi za duka kumsubiri. Wengine walisema hata kiti alimpisha.

Leo lakini hakuwa na nafasi ya taratibu. Siku tatu nyuma, wageni walialikwa katika mgahawa huu kuonja jibini za Kitaliano. Mwenye mgahawa, ambaye wateja humwita Mzee Jibini, aliketi nao mezani. Kabla jibini ya mwisho haijafika alishika kisogo, akasema kinapasuka, akaanguka. Presha ilikuwa imepanda mpaka mshipa mmoja kichwani ukavuja. Maabara ilitafuta sumu katika kila sahani, kila glasi na kila sufuria, isipate kitu. Lakini jana yake Mpishi alikuwa amegombana na tajiri wake, akapiga kisu mezani mbele za watu, akasema ipo siku. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Alimpa Inspekta mpaka jioni, asipoleta jipya Mpishi apelekwe mahakamani.

Jipya lilikuja asubuhi, kwa mdomo wa daktari.

"Tulikuwa tunatafuta sumu," daktari alimwambia kwenye korido ya wodi. "Tungetafuta chakula. Huyu mzee anameza dawa ya kuondoa huzuni, dawa ya zamani, siku hizi haiandikwi sana. Haipatani na jibini kongwe. Wewe na mimi tukila, tunashiba. Yeye akila, presha inaruka."

"Alijua?"

"Alijua, mkewe alijua, na mdogo wake alikuwepo nilipowaeleza. Jibini mbichi ruhusa, kama rikota na mozarela. Iliyokaa miezi kwenye rafu, marufuku. Dawa tumeisimamisha, ila itakaa mwilini wiki mbili hivi. Amefungua macho alfajiri, ulimi bado mzito, hasemi. Akipata jibini kongwe tena kabla dawa haijatoka, usinipigie simu mimi. Mpigie mchimba kaburi."

Basi swali likawa moja tu. Wageni wote walikubaliana kwamba sahani ya Mzee Jibini ilikuwa na vipande viwili vyeupe, rikota na mozarela, na kwamba mdogo wake, Meneja wa mgahawa, aliilinda sahani hiyo kama golikipa. Alitangaza mbele ya wote kwamba kaka yake haruhusiwi zilizobaki. Ili mzee asikae anameza mate, aliletewa bakuli la supu ya mboga na maharage. Jibini kongwe ilimfikia kwa njia gani?

"Mfungue," Inspekta akamwambia Koplo.

"Afande, humu kuna visu."

"Ndiyo maana nimekuleta wewe. Mfungue." Akamgeukia Mpishi. "Supu ya siku ile. Uliweka jibini?"

"Sikuweka."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kumtega panya. Nilishaambiwa mzee hali. Nina miaka mingapi kwenye jiko hili, nishindwe kusikia neno moja?"

"Vizuri. Sasa nipikie."

"Nini?"

"Supu ileile. Usinieleze, pika. Mikono yako ifanye inavyofanya siku zote."

Mpishi alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, alifunga aproni, na mtu mwingine kabisa akasimama pale. Kitunguu kilidondoka vipande kabla Koplo hajaona kisu kikinyanyuliwa. Karoti zikafuata. Mafuta yalipiga kelele kidogo, yakatulia. Akamwaga maharage yaliyokwisha lowekwa, akamimina maji, akatupa jani la kunukia. Kisha, huku akimfokea Koplo asiegemee meza ya watu, alinyoosha mkono wa kushoto, akafungua friza bila kuitazama, akapapasa ndani, akachomoa kitu kigumu cha rangi ya mfupa, ukubwa wa kiganja, akakidumbukiza kwenye sufuria.

"Simama hapo," Inspekta akasema. "Hicho ni nini?"

Mpishi aliangalia sufuria kama mtu anayeulizwa amevuta hewa gani. "Ganda."

"Ganda la nini?"

"La parmesani, ile jibini kongwe. Lile la nje, gumu, halikatiki wala halitafuniki. Linachemka, linaachia utamu, kisha unalitoa."

Koplo alikwishachomoa pingu. "Umesema hukuweka jibini."

"Na sikuweka. Ganda si jibini, baba. Ni kama mfupa. Ukichemsha mfupa ukanywa mchuzi, utamwambia mkeo umekula nyama? Akikuuliza nyama iko wapi utamwonyesha nini?"

"Rudisha pingu mfukoni," Inspekta akasema. Hakumtolea macho Mpishi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kununua sabuni. "Unaweka maganda mangapi?"

"Moja. Ukizidisha, supu inakuwa na kiburi, inafunika mboga zote."

"Na ganda moja limemwangusha mzee?"

Hapo ndipo Mpishi alipoelewa anaulizwa nini. Rangi ilimtoka usoni. "Afande, mzee anakunywa supu hii kila wiki. Ganda moja, kila wiki, tangu aanze hizo dawa. Hakuwahi hata kukohoa."

"Yanakaa wapi mengine?"

Mpishi aliingiza mkono kwenye friza tena, safari hii akiangalia. Alitoa mfuko wa nailoni uliosinyaa, akautikisa. Ukatoka unga wa barafu. "Huu ulikuwa umejaa. Nayakusanya miezi na miezi, huwa nayachemsha siku za mkesha wa karamu kubwa. Siku ile nilitoa moja, nikaufunga, ulikuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono kitu cha ukubwa wa kichwa cha mtu.

"Ukaondoka jikoni?"

"Meneja aliniita mbele nipasue gurudumu la jibini. Parmesani nzima haikatwi, inapasuliwa kwa kisu kifupi, wageni wanapenda kuona. Ni kazi ya kutoa jasho, na Meneja alinihimiza niende polepole, watu wapige picha. Muosha vyombo alikuwa huko mbele anabeba sahani."

"Supu ilibaki na nani?"

"Meneja alisema ataitazama."

Sufuria ilianza kunong'ona. Inspekta alimtuma Koplo kwenye chumba cha baridi kule nyuma akalete kikombe cha supu ya siku ile, ambayo maabara ilikwisha ipitisha. Kikaletwa, kikapashwa moto. Inspekta alionja. Akampa Mpishi. Mpishi akaonja, akafumba macho.

"Mna mfuko mzima humu," akasema. "Hata baada ya tukio niliionja, nikaona imezidi, nikadhani ganda lilikuwa kubwa."

"Na hukusema?"

"Mliniuliza kama ina sumu. Hakuna aliyeniuliza kama ni tamu."

Hilo lilimwingia Inspekta mahali pabaya. Barua ya maabara ilisema supu ni safi, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea familia.

Alitoa daftari lake la maelezo, akapata alichokitaka. Meneja alikuwa ameandikisha hivi: kabla ya kumpa kaka yangu supu niliionja mwenyewe, ilikuwa ya mboga tupu. Neno hilo lilimfanya aonekane ndugu mwema. Sasa lilikuwa na milango miwili. Kama ulimi wa Meneja ni butu, alikosea kwa nia njema, na aliyejaza maganda ni mwingine. Kama ulimi wake ni mkali, alionja, akajua, akapeleka.

"Koplo, kata jibini vipande vinne, kila aina sahani yake. Tunakwenda mbele kuonja."

"Hata hii?" Koplo alikuwa anatazama gorgonzola, na michirizi yake ya buluu ilimtazama yeye. "Afande, hii imeoza. Mimi ningeanzia uchunguzi hapa."

"Hivyo ndivyo ilivyo. Kata."

Koplo alikata, pua kaigeuzia ukutani.

Meneja aliwapokea kwenye chumba cha mbele kwa shati lililonyooka na sauti ya mtangazaji wa redio. Hakuna mteja wa mgahawa ule aliyekuwa hajasikia habari za ulimi wake. Yeye mwenyewe alisema akionja jibini anaweza kukwambia ng'ombe alikunywa maji ya mto au ya bomba, na wapo waliomwamini kwa kuwa ng'ombe hakuwepo kubisha.

"Ni jambo dogo tu, bwana Meneja," Inspekta akasema. "Uliandika kwamba uliionja supu. Mwanasheria wa Mpishi anaweza kusimama akasema ulimi wako hauaminiki. Nataka niandike kwamba nimeupima."

"Pima," Meneja akasema, akacheka. "Ila fuata utaratibu. Nyepesi kwanza, kali mwisho. Ukianza na kali, ulimi unakufa ganzi, huonji tena chochote."

"Ndivyo tutakavyofanya. Nyepesi kwanza."

Walimfunga macho kwa kitambaa cha meza. Inspekta akamwekea mdomoni kijiko cha ile supu ya siku ya tukio.

Kitambaa kiliziba macho lakini hakikuziba koo. Inspekta aliliona koo likisita, likasimama, kisha likameza.

"Supu," Meneja akasema. "Maharage, karoti, kitunguu. Mboga tupu, kama nilivyosema."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Inspekta akaandika. Koplo akaleta sahani ya kwanza, kipande cheupe chenye maji.

"Mozarela," Meneja akasema papo hapo. Kisha akakunja uso. "Lakini nani kaikata hii? Kisu kimepita kwenye gorgonzola kwanza. Kisu lazima kioshwe, jamani, mnaharibu chakula cha watu."

Koplo alijitazama mikono. Kweli hakuosha kisu.

Ya pili, Meneja aliitaja pekorino, ya maziwa ya kondoo, na akaongeza kwamba imekaa karibu na pilipili manga. Ya tatu ilikuwa parmesani, akaitaja hata kabla haijagusa ulimi. Ya nne alikataa kuionja, akasema ni ile gorgonzola iliyomchafulia mozarela yake. Akavua kitambaa mwenyewe, anatabasamu.

"Naweza kuaminika sasa?"

"Kabisa," Inspekta akasema. "Ulimi wako umesikia kisu kisichooshwa. Doa tu la jibini, umelisikia. Na ulimi huohuo, ukiwa safi, haujachoka, umepewa supu yenye mfuko mzima wa maganda ya parmesani, ukasikia karoti."

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yaliliacha.

"Mimi nimeisikia," Inspekta akaendelea, "na mimi jibini nilianza kuijua juzi. Ulionja siku ile, bwana Meneja. Ulijua unachompelekea kaka yako."

"Maneno matupu hayo. Watu hukosea."

"Wewe hukukosea hata kisu." Akageuka. "Koplo, kailete sufuria nzima ya supu ya siku ile. Inakuwa kielelezo."

Koplo alikwenda, akarudi mikono mitupu, Mpishi nyuma yake na askari wa mlangoni. "Afande, kile kikombe kilikuwa cha mwisho. Nilikikwangua chini."

"Haiwezekani," Mpishi akasema. "Mliponichukua ilikuwa imejaa mpaka kwenye mkono wa sufuria."

Inspekta alimwangalia Meneja. Meneja alikuwa anaangalia saa ya ukutani, si kama mtu anayetaka muda uende, bali kama mtu aliyeridhika na ulivyokwenda. Ndipo alipoelewa kwa nini mtu huyu alikubali kuonja bila kubisha, akaomba utaratibu ufuatwe, akapitia sahani zote nne: alikuwa anawapotezea muda.

"Nani kaichota?"

"Shemeji yangu alipita asubuhi na chupa yake ya chai," Meneja akasema. "Mgonjwa ameruhusiwa vyakula vya maji. Nilimsaidia kujaza. Mna ubaya gani na hilo? Si ninyi mliotusomea kwamba supu ni safi?"

Pingu zilihamia mikono ya Meneja. Inspekta hakusubiri kusikia zikilia. Waliokuwa nje ya mgahawa siku ile wanasimulia mpaka leo kwamba walimwona Mama Taratibu akikimbia, na kwamba mbwa wawili walipisha njia.

Ndani ya gari alipiga simu ya daktari. Ilikuwa inatumika. Akapiga ya wodi, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Nesi wa wodi ya wanaume, habari yako."

"Mgonjwa wa chumba cha mwisho asilishwe kitu. Unanisikia? Nenda sasa hivi, mnyang'anye mkewe kijiko."

"Wewe nani, mama?"

"Polisi."

"Wote mnasema hivyo mkitaka kuongea na wagonjwa saa za kupumzika," nesi akasema, akakata.

Koplo aliendesha kama gari ni la kukodi. Ngazi za hospitali Inspekta alizipanda mbili mbili, na alipofika mlangoni sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka ndani, ya kubembeleza.

"Kimoja tu, baba. Kwa ajili yangu. Unakataa kama mtoto, utapata nguvu lini?"

Mzee Jibini alikuwa ameegemezwa mito, ameukaza mdomo, uso kaugeuzia ukuta. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani, chupa ya chai wazi mezani. Chumba chote kilinukia mgahawa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umemshika mume kidevu kwa upole, na kijiko kilikuwa kimeshafika midomoni.

Inspekta aliushika ule mkono. Supu ikamwagika kwenye shuka.

"Kala vingapi?"

"We mama vipi? Ananisumbua tangu nifike, ndiyo kwanza ameanza..."

"Mama, vingapi?"

"Vitatu. Au vinne, nimemlazimisha." Mwanamke alimtazama usoni, na kitu alichokiona kikamfanya aweke bakuli chini. "Ni supu ya mboga. Ninyi mlisema ni safi."

"Tulisema haina sumu."

Mzee alikuwa ameinua mkono unaofanya kazi, anautafuta kisogo chake. Jasho lilikuwa limeanza kwenye paji la uso. Daktari, aliyeitwa na Koplo, aliingia na yule nesi wa simu, hakuuliza lolote, alinusa bakuli na kuanza kazi. Mkanda wa presha ukafungwa. Namba zikapanda. Sindano ikaingia. Namba zikapanda tena. Mke alisukumwa mpaka dirishani, akasimama pale ameshika kijiko, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia akiweke. Inspekta alimweleza kwa sauti ya chini, neno moja moja, habari za maganda na za mtu aliyemsaidia kujaza chupa. Mwanamke hakupiga kelele. Alisema tu, "Shemeji aliifunga kwa mikono yake. Akasema lazima ikazwe vizuri isije ikapoa."

Daktari hakuondoa macho kwenye mashine. Muda ulikwenda, wa kutosha jua kuhama kitanda. Kisha mabega yake yalishuka, na kila mtu chumbani akajua kabla hajasema.

"Imegeuka. Inashuka. Vijiko vinne ameviweza. Bakuli lingemmaliza."

Mzee Jibini alifungua macho. Midomo ilihangaika, upande mmoja ukiuburuta mwingine. Mkewe alisogea, akainama. Inspekta naye akainama, maana bila neno la mtu huyu alikuwa na ulimi wa mshitakiwa tu, na ulimi haupandi kizimbani peke yake.

"Nilijua," mzee akasema. Neno lilitoka zito, limelowa. "Leo nilijua. Nikakataa."

"Na siku ile?" Inspekta akauliza. "Siku ile ulipoonja hukujua?"

"Kijiko cha kwanza tu. Parmesani. Nyingi."

"Sasa mbona ulimaliza bakuli, mzee?"

Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande unaofanya kazi.

"Aliniletea mwenyewe. Akanikonyeza, kama tulipokuwa wadogo tukiiba sukari. Nikajua amenitilia kidogo kwa siri." Akavuta pumzi. "Nikasema, mdogo wangu kanionea huruma. Nikamaliza ili asijisikie vibaya."

Inspekta aliandika yote, kama yalivyosemwa, kisha akampa mke kalamu aweke sahihi ya shahidi. Mwanamke alisaini. Akachukua kitambaa, akaanza kumfuta mumewe mdomo, akafuta supu, akafuta machozi, akaendelea kufuta mahali palipokuwa pamekauka.